Mkwe wa Shamba la Mloka

Siku ya kuniaga, mkuu wa idara alinipa saa ya ukutani, cheti chenye jina langu lililokosewa herufi moja, na ombi. Saa nimeitundika sebuleni kwangu hapa Kibiti na inakwenda vizuri. Cheti kimo kabatini. Ombi ndilo hili: niwaandikie nyinyi mnaobaki maabara kurasa chache juu ya miaka yangu ya utafiti wa mashine zinazoona. "Andika yatakayowatia moyo vijana, mzee Shabani," aliniambia. Nimejaribu mara tatu. Kila nikianza na yanayotia moyo, karatasi haijai hata nusu. Kwa hiyo nitaandika yaliyotokea, na moyo kila mmoja atajitilia mwenyewe.

Niliingia chuoni miaka ya mwanzo ya ruhsa, biashara zilipofunguliwa na maduka yalipoanza kujaa vitu tena na sisi wa serikalini tukaanza kulisikia neno "kupunguzwa". Nilikuwa kijana wa Kimatumbi kutoka hapa hapa Kibiti, nina cheti cha ufundi wa redio na shati moja jeupe la mtumba. Siku ya kwanza nilimkuta fundi mkuu wa maabara, Mzee Kondo, ameketi mbele ya kompyuta tatu zilizoletwa na wafadhili bila kitabu cha maelekezo. Hakuniuliza cheti. Alinisukumia bisibisi na kioo kibovu cha kompyuta.

"Fungua," alisema.

"Mzee, hiki kina umeme mkali ndani."

"Umeme ulishakatika tangu asubuhi, wewe hujaona? Basi kazi ya kwanza ya fundi wa mashine zinazoona ni kuona. Fungua."

Mzee Kondo alinifundisha mengi, na mengine nimeyasahau. Moja sikulisahau. Siku tuliyopokea kamera yetu ya kwanza, ya picha nyeusi na nyeupe, kubwa kama tofali, aliishika mkononi akaniambia: "Watakwambia hii inaona. Hii inapokea mwanga tu. Anayeona ni yule aliyekaa mezani akaamua mwanga gani ni kitu na mwanga gani si kitu." Niliitikia kwa kichwa kwa adabu. Nilidhani ni maneno ya mzee asiyependa vitu vipya.

Mwenye kamera alikuwa Dakta Mwaluko. Alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na shahada ya kuzifundisha kompyuta kutambua vitu kwenye picha. Sitamwonea: alikuwa mtu wa kazi, mwenye akili kali kama wembe, na alikula chakula cha mgahawa wetu bila kulalamika. Alitaka kutengeneza mtambo unaomwona mtu, unaomtofautisha na kitu kingine, na unaomjibu. Tatizo ni kwamba wafadhili wa wakati ule hawakutoa hata skrubu kama ombi halina neno "kijiji" ndani yake. Dakta akakaa wiki mbili, akatoka na neno: mtambo wa kuamia mashamba, yaani kuyalinda na wanyama waharibifu. Kamera itaona nyani akiingia, kompyuta itamtambua, na mtu wa chuma atapiga debe kumfukuza. Mkulima akipita, mtu wa chuma atatulia. Watu wataishi na mashine, na sisi tutaandika jinsi wanavyoishi nayo.

"Wewe ni mtu wa Rufiji," aliniambia. "Utawajua watu wa kule."

"Mimi ni wa Kibiti, Dakta."

"Si wilaya moja?"

Ilikuwa wilaya moja. Sikubishana.

Msimu wa kwanza tulikwenda deltani kwenye mashamba ya mpunga. Nitaupita haraka kama ulivyotupita. Unyevu wa chumvi uliingia kwenye kompyuta kabla hatujamwona hata ngedere mmoja, na panya wakala ngozi za nyaya. Mwenyeji wetu, mzee mmoja wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa mtoni, alitutazama tukipakia vyuma vilivyoota kutu. Akasema, "Poleni. Hapa hata misumari hutoka jasho." Ndipo Dakta alipoamua twende juu, kwenye ukavu, Mloka, jirani na pori la wanyama. Huko, alisema, hatutakosa wa kuwapiga picha.

Hatukuwakosa.

Shamba tulilopewa lilikuwa la mke na mume. Mume, Mzee Mbwana, alikuwa mtu mrefu mwenye maneno machache na msimamo mkali. Akishasema jambo, limesemwa. Mke, Bi Somoe, alikuwa mfupi, mwenye kicheko kilichosikika mpaka shamba la tatu. Walilima mahindi ya mlau, yale yanayopandwa maji ya mto yanaporudi nyuma na kuacha tope. Kila mwaka nyani walivuna kabla yao. Mzee Mbwana alishinda juu ya dungu, kile kichanja kirefu cha miti cha kulindia shamba, huku Bi Somoe akipalilia chini. Macho ya mume yalikuwa juu, mikono ya mke ilikuwa chini. Hivyo ndivyo walivyoishi miaka mingi, nasi tukaja kuwasaidia.

Nilimtengeneza mtu wa chuma kwa mkono wangu. Mabega yalikuwa bomba la maji, mikono ilisukumwa na mota ya wipa ya Landrova, mnyororo wa baiskeli ulipita kifuani, na mbele yake nilimfungia debe la mafuta ya kula. Kichwani niliweka taa mbili. Kijani ilimaanisha shamba ni salama. Nyekundu ilimaanisha mnyama ameingia. Kamera ilikaa juu ya nguzo upande wa kichaka, na waya mrefu ulivuka shamba mpaka hemani kwangu, zilipokuwa kompyuta na betri za gari zilizokula umeme wa jua.

Siku nilipomsimamisha, Bi Somoe alimzunguka mara mbili, mkono kiunoni.

"Anakula nini huyu?"

"Hali kitu, mama. Umeme tu."

"Anasema?"

"Hasemi."

"Analima shamba langu, hali mbele yangu, hasemi, na usoni hanitazami." Akapiga makofi kwa kicheko. "Huyu ni mkwe! Mwaka wa kwanza wa posa, kabisa!"

Toka siku hiyo mtambo ukaitwa Mkwe. Dakta alipoandika makala yake aliupa jina refu lenye herufi kubwa saba. Mloka nzima hakuna aliyelijua.

Kumfundisha Mkwe kuona kulinichukua miezi. Nyinyi leo mnapakua maelfu ya picha kabla chai haijapoa. Mimi nilipiga picha, nikazirudisha chuoni, diski zimefungwa kwenye kanga kuzuia vumbi la barabara ya Kibiti, nikakaa na kalamu ya mwanga nikizungushia kila nyani mstari: huyu nyani, huyu ngedere, huyu nguruwe, huyu mtu. Watu walinipa taabu kuliko nyani. Mkwe alijua mtu ni kitu chembamba kilichosimama. Akipita mwanamke na mzigo wa kuni kichwani, hakuwa tena chembamba, na debe lililia. Siku moja alimpigia debe mke wa mwenyekiti wa kijiji mbele ya wageni. Shamba lote lilicheka isipokuwa yeye. Ikabidi niwaombe wanawake wapite mbele ya kamera na kuni, na ndoo, na watoto mgongoni, huko na huko, asubuhi nzima. Bi Somoe ndiye aliyewapanga. Ndiye aliyemfundisha Mkwe kumjua mwanamke mwenye mzigo. Jina lake halimo kwenye makala yoyote.

Nyani waliogopa debe majuma matatu. Juma la nne dume mmoja alikaa hatua kumi kutoka kwa Mkwe, akamtazama anavyopiga, akavunja hindi akala. Nikaandika kwenye daftari: nyani wamegundua kwamba hana mawe. Dakta alicheka, akaniambia niongeze kasi ya mikono. Nilichopaswa kuandika, nikakiona baadaye, ni kwamba watu hawakugundua lolote. Nyani walipoacha kumwamini, watu ndio kwanza walizidi kumwamini.

Kosa hilo ni langu kuliko la mtu mwingine, maana mimi ndiye niliyewafundisha. Dakta alitaka kupima kama mkulima atafuata ishara ya mashine hata kama sauti nyingine inamwita. Nilimkalisha Bi Somoe chini nikamwambia, "Mama, ukisikia kelele usikimbie ovyo. Tazama taa kwanza. Ikiwa kijani, endelea na kazi yako." Tukafanya mazoezi. Nilipiga kelele kusudi, naye akainua kichwa, akatazama taa, akainama kupalilia. Tukarudia. Nikaandika alama ya vema. Alijifunza haraka sana, Dakta akafurahi.

Mwaka wa pili Mzee Mbwana aliacha kupanda dungu. "Kuna haja gani?" alisema. "Mkwe yupo." Akawa anakwenda kijijini mchana, anakaa barazani na wenzake, anasikiliza redio habari za vyama vipya. Dungu likaoza ngazi.

Msimu huo huo mawingu yalitusumbua. Kivuli cha wingu kikipita shambani, picha nzima ilibadilika, na Mkwe akapiga debe kama aliyepandwa na pepo. Watu wakaanza kulalamika. Dakta alikuwa na mkutano ng'ambo miezi miwili mbele na alihitaji msimu mmoja safi, bila debe la bure. Alikuja Mloka, akakaa hemani kwangu, akafikiri kidogo tu.

"Chochote kitakachobadilisha zaidi ya nusu ya picha," akasema, "kihesabiwe kuwa ni mwanga. Mtambo ukipuuze."

"Na tembo, Dakta? Akipita karibu na nguzo ataijaza picha yote."

"Umemwona tembo hapa mchana?"

"Mimi sijamwona. Wenyewe wanasema huwa anapita."

"Tembo hayumo kwenye utafiti wetu, Shabani. Tunapima nyani, ngedere na nguruwe. Andika."

Nikaandika. Ulikuwa mstari mmoja mfupi. Mpaka leo naweza kuuandika nimefumba macho. Na kweli debe la bure likakoma, Mkwe akawa mtulivu, na Bi Somoe akaniletea muhogo wa kuchemsha na nazi kunipongeza. "Mkwe amepata akili," alisema. "Sasa hatukani mawingu."

Ilikuwa alasiri, baada ya adhana. Bi Somoe alikuwa peke yake upande wa kichaka, anavunja mahindi. Mimi nilikuwa hemani natazama kioo. Upande wa kushoto picha iliingia giza. Giza likatambaa polepole mpaka likafunika nguzo za ua, na chini yake mashine ikaandika neno nililoichagulia mwenyewe: WINGU.

Nami niliamini. Mtakapokuwa mnasimulia habari hii, kama mtaisimulia, msiliruke hili. Nilisoma WINGU, nikamimina chai. Kilichonishtua ni jua: mwanga uliokuwa ukiingia mlangoni mwa hema haukupungua hata kidogo. Nikatoka nje. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu la kufutia jasho. Na tembo jike, tope limemkauka mwilini, alikuwa ameshapita nguzo ya kamera, masikio wazi, anakwenda moja kwa moja kwenye mahindi.

Nilipiga kelele. Niliita, "Bi Somoe! Kimbia! Kimbia, mama!" Akanisikia. Aliinua kichwa. Na kama tulivyofanya mazoezi, akaitazama taa kwanza.

Taa ilikuwa kijani.

Akainama.

Sitaeleza zaidi. Tembo hakumuua. Alimsukuma tu, watu walisema, kama mtu anavyosukuma mlango, kisha akaendelea na mahindi. Tulimbeba kwenye kitanda cha kamba mpaka kwenye gari letu kumpeleka hospitali, na barabara ile mnaijua. Nyonga ilikuwa imevunjika. Njiani hakulia. Alinishika mkono na kuniuliza swali moja, tena na tena. "Baba, si ilikuwa kijani? Si ilikuwa kijani?"

"Ndiyo, mama," nilimwambia. "Ilikuwa kijani."

Nilimwambia yeye. Hakukuwa na mtu mwingine ndani ya gari anayesikia, isipokuwa dereva.

Juma lililofuata uliitishwa mkutano wa kijiji. Ofisa wa wilaya alikuja, Dakta akaja kutoka Dar es Salaam na makaratasi, nami nilikuwa naye garini. Tulipofika njia panda ya Nyamisati, Dakta akamwambia dereva ashuke akanunue maji, tukabaki wawili.

"Mradi ukifungwa kwa ajili ya hili," alisema, akitazama mbele, "hakuna atakayejenga mashine nyingine kijijini kwa miaka kumi. Nyani wataendelea kula. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Mtu katika taharuki anaweza kuona rangi vibaya. Hata yeye. Hata wewe." Akayapanga makaratasi mapajani. "Chuo kimeniomba majina ya mafundi sanifu wa kupunguzwa. Sipendi kazi hiyo. Sitaki kuongea zaidi."

Wala hakuongea zaidi. Hakuniambia niseme uongo. Nimelifikiria neno kwa neno miaka hii yote, na kweli hakuniambia. Nilikuwa na mke, mtoto wa miezi mitano, na mdogo wangu aliyekuwa akisoma kwa mkono wangu. Nayasema haya ili mjue nilikuwa na sababu. Kila aliyepata kusema uongo alikuwa na sababu. Sizihesabu kuwa udhuru.

Watu walijaa uwanjani mbele ya ofisi ya kijiji. Dakta alieleza vizuri, kwa upole, jinsi mtambo unavyofanya kazi. Akasema hakuna mashine isiyo na kasoro, lakini kumbukumbu zinaonyesha ishara ilitolewa. Mzee Mbwana akasimama katikati ya watu.

"Mke wangu anasema taa ilikuwa kijani."

Ofisa wa wilaya akanigeukia. "Wewe ndiye uliyekuwa kwenye mashine. Taa ilikuwa rangi gani?"

Nilimtazama Mzee Mbwana kifuani, sikuweza juu zaidi.

"Nyekundu," nikasema.

  Mzee Mbwana aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyejibiwa jambo alilokuwa akilishuku, akaketi. Alikuwa mtu wa kuheshimu waliosoma. Jioni ile aliniletea kuku, eti kunishukuru kwa kumbeba mkewe. Nilimla. Ningemrudishia, angeuliza kwa nini.

Orodha ya kupunguzwa ilitoka mwezi huo. Jina langu halikuwamo. La Mzee Kondo lilikuwemo, la kwanza kabisa. Alikusanya bisibisi zake, zile alizonunua kwa mkono wake, akaniachia moja mezani. Sikupata ujasiri wa kumsindikiza hata mpaka getini, maana angeniuliza habari za Mloka, na yeye ndiye mtu pekee chuoni ambaye angejua kuuliza.

Makala ilichapishwa. Ndani yake kuna sentensi moja juu ya Bi Somoe: kwamba mtumiaji mmoja alipata ajali baada ya kupuuza ishara. Mstari wa mawingu haumo. Makala ile ilisomwa kwenye darasa letu mwaka hadi mwaka, na mimi ndiye niliyekuwa nikidurufu nakala. Baadhi yenu mmeinukuu kwenye tasnifu zenu, mkiandika kwamba changamoto kubwa ya mashine vijijini ni watu kutoziamini. Nilizisoma tasnifu hizo, kwa sababu mlinipa nizifunge majalada. Mara mbili nilimwandikia mhariri wa jarida barua. Ya kwanza sikuituma. Ya pili niliituma, haikujibiwa. Dakta Mwaluko alikwishakuwa profesa na akahamia ng'ambo, na mimi niliendelea kubadilisha betri.

Mnaniuliza nimejifunza nini. Mashine zimekuwa bora; simu ya mjukuu wangu inamtambua paka wetu hata akiwa ndani ya pakacha. Sina ugomvi na simu. Lakini kila mlipokuja kunionyesha mtambo mpya, mliniambia vitu unavyovitambua. Hakuna hata mmoja aliyeniambia vitu alivyouamuru uvipuuze. Nilikuwa nikiuliza, nanyi mkasema mzee ameanza kuzeeka.

Mwezi wa pili baada ya kustaafu nilipanda basi hapa Kibiti nikaenda Mloka. Nilikuwa nimesikia kwamba Bi Somoe alifariki miaka iliyopita, baada ya kutembea kwa magongo umri wake wote uliobaki. Mzee Mbwana alikuwa hai. Nilimkuta uani, anachonga mpini wa jembe kwa kupapasa, maana macho yalikwishapungua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni nani?"

"Shabani. Yule wa mtambo."

"Wa Mkwe?" Akaweka panga chini. "Karibu, karibu. Nilijua unaishi. Waliosoma hawafi ovyo. Kaa."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaletewa maji, na nikishaletewa maji nitasema ya hali ya hewa.

"Mzee, nimekuja na neno. Taa ilikuwa kijani."

"Taa ipi?"

"Siku ile. Mkutanoni nilisema nyekundu. Nilisema uongo. Bi Somoe alisema kweli. Ilikuwa kijani."

Aliweka mikono yote miwili juu ya mpini. Kuku walipita kati yetu.

"Alisema mpaka siku aliyokufa," akasema. "Kijani, kijani. Nilimwambia anyamaze, ananitia aibu, wataalamu wamesema. Akimwaga chai nilisema, huyu hata rangi hazijui. Akikosea nguo ya mtoto, nilisema, huyu hata rangi hazijui. Mbele ya wajukuu nilisema. Ikawa wimbo wa nyumba hii. Wajukuu nao wakawa wanamwambia." Akauzungusha mpini mkononi. "Mwisho akawa hasemi tena. Nilidhani amekubali."

"Nisamehe, mzee."

"Mimi? Mimi hukunifanyia lolote. Nimeishi vizuri, nikiwa na haki." Alilisema neno hilo kama anatema kitu. "Angekuwa hapa angekusamehe, maana alikuwa anakupenda. Hayupo. Basi ubaki nalo."

Nikadhani tumemaliza. Nikageuka nichukue mkoba wangu. Nikamsikia anainuka, anapapasa fimbo ukutani.

"Unakwenda wapi?" akauliza.

"Kwenye basi, mzee, nisije nikalikosa."

"Ulisema mbele ya watu. Mkutano ule haupo tena, wengi wamekufa, na mimi sina nguvu za kuitisha mwingine. Tutapita nyumba kwa nyumba. Nishike mkono."

Nikamshika. Tulianza na jirani, kisha upande wa msikitini, kisha njia iendayo mtoni. Kila nyumba alibisha hodi, akajibu salamu zote, akauliza hali za wagonjwa, hakuacha hata moja. Kisha alisema, "Mgeni huyu ana neno," akanisukuma mbele kidogo. Nami nikasema. Mara ya kwanza nilisema chini chini na akaniambia nirudie. Wazee wawili walikumbuka vizuri. Mmoja aliniangalia akasema, "Nawe ulikula kuku wa mtu," akaingia ndani. Mwingine alilia. Nyumba nyingi zilikuwa za vijana waliokuwa hawajazaliwa, wakasikiliza kwa adabu, hawaelewi.

Katika nyumba moja msichana aliyekuwa akitwanga alisimamisha mchi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia mzee.

"Babu, huyo Bi Somoe ndiye nani?"

Mzee Mbwana aliinua uso upande ilikotoka sauti.

"Mke wangu," alisema. "Alikuwa anazijua rangi."

Akanivuta mkono, tukaenda nyumba iliyofuata.